Nani Anayekula Vina?

Kuna lalamiko ambalo limekwisha kuwa wimbo wenyewe, likirejewa kila wapenzi wa ushairi wanapokutana barazani: kwamba katika taarab ya siku hizi maneno hayasikiki. Mtunzi kakesha akipima mizani, kakataa neno zuri kwa kuwa limezidi silabi moja, kahangaika na kina kimoja siku tatu nzima. Unapofika usiku wa shughuli, kinachowafikia watu ukumbini ni mngurumo, na juu ya mngurumo huo sauti ya mwimbaji yaelea kama mtu apungaye mkono kutoka jahazini: aonekana, asemalo halijulikani. Lalamiko hilo ni la kweli. Linalofaa kupingwa ni hukumu inayolifuata. Maana aghalabu husemwa, na husemwa kwa kujiamini, kwamba aliyeua maneno ni umeme; kwamba gitaa lilipoingia na amplifaya yake ndipo shairi lilipotoka; na kwamba dawa ni kuvirudisha udi, kanuni na fidla mahali pao na kuwaambia vijana wachomoe nyaya.

Hiyo ni hukumu ya uvivu. Yampa mlalamikaji raha ya kuwa na adui asiyeweza kujibu, kwa sababu sanduku la mbao lenye spika ndani yake halina kauli, na yamwacha mkosaji wa kweli aende zake akiwa na mkono wake mzima.

Umeme haukuingia juzi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, watengenezaji wa santuri walikuwa wamekwisha kuanza, tangu mwaka 1925, kuliacha lile pembe la kuimbia na kushika maikrofoni. Na vyombo vinavyoitwa leo vya asili navyo vilivuka bahari: fidla ni ya Ulaya, akodiani kadhalika, na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, kilichota mengi kutoka Misri bila ya kuona haya. Kisha, katika miaka ya 1960, ikaja Tanga. Black Star Musical Club wakaliweka gitaa la umeme na gitaa la besi pale ambapo Unguja palikaa okestra, na katika mkondo huo wa Tanga ndimo lilimovuma jina la Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016. Azisikilizaye rekodi za zama hizo atalisikia gitaa waziwazi, na atayasikia maneno vilevile. Vitu viwili hivyo vilikaa nyumba moja na wala havikugombana. Basi kama gitaa la umeme ndilo muuaji, lilikuwa wapi siku zile?

Tofauti imo katika mkono unaozungusha vifundo vya amplifaya, na katika sikio linaloutuma mkono huo. Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli, nao una pande mbili: upande mmoja wanamuziki wasiojali kujua chombo chao, na upande wa pili wapenzi wa shairi wanaoona kwamba kuijua amplifaya ni kazi ya mafundi na wachukuzi, haimhusu mtu wa maneno. Yamhusu mno.

Wengi hudhani amplifaya kazi yake ni kuongeza tu. Gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha mbao tupu, likipigwa bila ya waya, halisikiki hata chumba cha pili. Ukali wake, utamu wake, unene wake, kukoma kwake au kudumu kwake, sehemu kubwa ya hayo huzaliwa ndani ya amplifaya na spika yake. Kwa hiyo amplifaya ni nusu ya chombo. Mpiga udi asingekubali nyuzi zake zitiwe sauti na yule aliyeubeba udi kutoka garini. Lakini mpiga gitaa hufika ukumbini, akaikuta amplifaya imekwisha kuwashwa, vifundo vikiwa vimeelekea popote vilipoelekea wakati wa kupakiwa, akachomeka waya na kuanza kupiga.

Na anayevigusa vifundo hivyo huvigusa kwa imani potofu. Huamini kwamba kila kifundo ni bomba: ukikifungua, sauti ya namna fulani humiminika zaidi. Katika ukoo mkubwa wa amplifaya uliotokana na zile za Fender za miaka ya 1950, vifundo vitatu vya trebo, sauti ya kati na besi haviongezi kitu. Hupunguza tu. Kukipandisha kifundo ni kupunguza kidogo; kukishusha ni kupunguza sana. Ushahidi wake ni rahisi: katika zile Fender za miaka ya 1960 zenye uso mweusi na vifundo vyote vitatu, vikishushwa vyote hadi mwisho, amplifaya hunyamaza kabisa, hata kama kile cha sauti kimefunguliwa. Tena vitatu hivyo vimefungamana. Ukikigusa kimoja, maana ya chenzake hubadilika. Na lililo la ajabu kuliko yote, kuviweka vyote katikati hakuleti usawa. Huacha bonde katika sauti ya kati, penye mitetemo mia kadhaa kwa sekunde, pale hasa gitaa lilipo na mwili wake. Atakaye kukaribia usawa katika mpangilio huo yampasa akipandishe cha kati hadi juu na kuvishusha trebo na besi karibu na sifuri. Ni wangapi wamepata kuthubutu? Mkono haupendi kufanya jambo ambalo jicho laliona kuwa kombo.

Badala ya kusikiliza, vijana hupeana nambari. Besi sita, kati nne, trebo saba. Nambari za mpigaji fulani mashuhuri, zimenakiliwa na kuhifadhiwa kama hirizi. Lakini Fender za miaka ya 1950 zilizovikwa kitambaa zilikuwa na vifundo vinavyofika 12, na nyingine nyingi huishia 10. Saba ya huku si saba ya kule. Kisha kuna kisa cha Marshall, ambacho kila mfasiri wa mashairi angefaa akijue. Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma na vyombo huko Hanwell, London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua Fender Bassman, amplifaya ya Marekani iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi na kupendwa na wapiga gitaa wengine, wakaifuata karibu waya kwa waya. Lakini valvu na vipuli vilivyopatikana Uingereza vilikuwa vingine. Pale Mmarekani alipotia spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma, wao wakaja na nne za inchi 12 katika sanduku lililofungwa. Matokeo yake hayakuwa Bassman. Yalikuwa sauti nyingine, ambayo baadaye ilitawala muziki wa roki wa ulimwengu. Kufuata neno kwa neno hakukuwapa kilekile walichokifuata, wala hawakujuta. Anayenakili nambari kutoka amplifaya hii kwenda ile, akitaraji sauti ileile, anafanya kazi ya mfasiri aliyefungua kamusi na kufunga masikio.

(Na tusisahau kwamba Leo Fender mwenyewe aliyachanganya majina. Mkono wa gitaa upindao sauti juu na chini aliuita tremolo, na ule mtikisiko wa amplifaya wa sauti kupanda na kushuka nguvu akauandika vibrato; ilikuwa iwe kinyume chake. Dunia imemfuata mpaka leo. Watunga kamusi waliokosea neno moja wajifariji.)

Sasa tazama jinsi vina vinavyoliwa.

Mpigaji huitengeneza sauti yake nyumbani, usiku, peke yake, kwa sauti ya chini kwa kuwachelea majirani. Sikio la binadamu, kama walivyoonyesha Fletcher na Munson mwaka 1933, halisikii sawasawa: sauti ikiwa ndogo, nzito na nyembamba hufifia zaidi kuliko ya kati. Basi yeye hupandisha besi na trebo ili kujaza kilichofifia, na sauti ya kati huiacha ndani ya bonde. Chumbani, gitaa lililo peke yake likiwa hivyo ni tamu kama halua. Akilipeleka ukumbini na kulifungua kwa nguvu, sikio halihitaji tena nyongeza ile, na nyongeza bado ipo. Tena hayuko peke yake. Chini yupo mpiga besi na dumbaki. Juu wapo wa kinanda na fidla. Gitaa lisilo na sauti ya kati halina mahali pa kukaa, na mpigaji hajisikii. Hapo angekipandisha kifundo cha kati, angesikika bila ya kuongeza kelele. Hakipandishi. Hupandisha sauti nzima. Mpiga kinanda naye hupandisha. Mpiga besi naye. Mwisho ni maikrofoni ya mwimbaji, ambayo haiwezi kushinda mnada huo, kwa sababu ikipandishwa mno hupiga filimbi.

Wapo wanaosema dawa ni amplifaya kubwa zaidi. Wati 100 badala ya 50 ni desibeli tatu tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu yahitajika nguvu takriban mara kumi. Na wapo wanaodai kwamba bila ya valvu hapana sauti. Roland ilitoa Jazz Chorus mwaka 1975, haina valvu hata moja, na usafi wa sauti yake umekuwa kipimo kwa wapigaji wengi. Fedha hazijapata kumnunulia mtu sikio.

Katika mnada ule mwizi wa kwanza ni besi. Hilo nalo si maoni: mwaka 1924 Wegel na Lane walipima na kuonyesha kwamba sauti nzito huifunika nyembamba kuliko nyembamba inavyoifunika nzito. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde, na ule wa gitaa la besi mara 41. Kinachopandishwa na kifundo cha besi cha mpiga gitaa, kwa hiyo, ni kile ambacho mwenzake wa besi tayari anacho kwa wingi. Gitaa halipati kitu. Mwimbaji hupoteza.

Mwizi wa pili ni trebo, naye ni mjanja zaidi. Irabu ndizo zibebazo nguvu ya sauti ya mwimbaji, lakini konsonanti ndizo zitenganishazo neno na neno, na konsonanti nyingi ni pumzi nyembamba isiyo na nguvu. Simu za zamani zilipitisha mitetemo kuanzia 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde, na kila aliyewahi kutaja jina lenye F au S kwenye simu hizo ajua taabu yake. Mvumo wa S umo juu ya mpaka huo. Trebo ya gitaa, ikiongezewa mkwaruzo wa amplifaya iliyochochewa kupita kiasi, huchafua eneo lizipambanualo konsonanti. Matokeo yake ni kwamba suka yawa shuka, pendo yawa tendo, na fumbo, ambalo ndilo roho ya taarab, yasikika tumbo. Watu hucheka. Mtunzi hacheki.

Lakini msiba mkubwa uko mwisho wa kipande. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho, yenye kubeba kina, ndiyo hutamkwa kwa ulegevu. Atasema mtu kwamba waimbaji huivuta silabi hiyo ya mwisho, na ni kweli. Lakini wanachovuta ni irabu. T, K na P hazivutiki. Ni mlipuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde, ukishapita umepita. Mwimbaji akimaliza kwa -ta, sikio likaukosa mlipuko ule, halitajua kama ilikuwa -ta, -ka au -pa. Litapata -aaa ndefu. Na katika mpangilio wa taarab ni palepale, mwishoni mwa kipande, ambapo ala huingia kumjibu mwimbaji. Mpiga gitaa mwenye haraka hujibu kabla kina hakijatua. Mwenye amplifaya iliyojaa mwangwi hata haraka haihitaji: mkia wa jibu lake la nyuma bado waburuta juu ya neno linaloanza. Chemchemi za mwangwi, ambazo Fender iliziuza katika sanduku la peke yake mwaka 1961 na kuzitia ndani ya amplifaya ya Vibroverb mwaka 1963, zilipendwa kwa kuwa zaleta hisia ya ukumbi mkubwa. Katika ukumbi wa kuta za mawe na paa la bati, mwangwi upo tayari, haulipiwi.

Kwa hiyo yule mtunzi aliyehangaika siku tatu kutafuta neno linaloishia -ka, akakataa yote yaliyoishia -ta kwa kuwa sheria haimruhusu, amefanya kazi ambayo ukumbi mzima haukuipokea. Kwa masikio yaliyokuwapo, beti lake na beti la mtu aliyemaliza kwa irabu yoyote iliyokaribia ni sawa. Kina cha kati kimeondoka, na cha mwisho kimebaki nusu. Hapa malalamiko ya wapenzi wa shairi hugeuka kuwa dhulma, maana haohao wanaokaa barazani na kuwalaumu watunzi wa leo kwamba hawajui vina, kwamba huandika vibwagizo vya maneno matatu na kuvirudia mpaka alfajiri, hawajiulizi vibwagizo hivyo vilitoka wapi. Mtunzi si mjinga. Amehudhuria shughuli zake mwenyewe. Ameona lipi lafika na lipi halifiki. Beti la mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, lenye fumbo litakalofumbuliwa katika mshororo wa mwisho, halifiki. Jina la mtu na tusi fupi vyafika. Basi huandika kifikacho. Vifundo vimemhariri, na mhariri huyo hajasoma hata beti moja.

Kuna wanaojibu, hasa miongoni mwa waliolelewa na taarab ya miaka ya 1990 na baada yake, vikundi kama East African Melody na TOT vilipoifungulia milango kinanda cha umeme na uchezaji, kwamba haya yote ni wivu wa wazee. Watu wa leo, husema, waja kucheza; hapana ajaye kusikiliza. Hoja hii hushindwa na jambo litokealo mbele ya macho ya wasemao. Mwanamke ainukaye na noti mkononi, akapita katikati ya ukumbi kwenda kumtunza mwimbaji, haendi wakati wowote. Huenda neno fulani linapotamkwa, na huenda akimtazama mtu fulani. Tuzo lile ni saini. Asema: neno hilo ni langu, na huyo ndiye aliyekusudiwa. Neno lisiposikika, tuzo hutolewa kwa mdundo tu, na yule aliyekusudiwa hukaa kwa raha akinywa soda yake. Hata mipasho, ambayo wapenzi wa shairi huidharau, haiwezi kuishi bila ya konsonanti.

Na wapo wanaomtegemea fundi mitambo: yeye amekaa pale mbele na meza yake, atarekebisha. Hawezi. Fundi mitambo hutawala yale tu yanayopita mezani kwake. Amplifaya iliyowekwa jukwaani, katika ukumbi wa watu mia mbili, yawafikia wa mbele moja kwa moja bila ya kupita popote. Akiliondoa gitaa lote mezani, bado lipo. Kumlaumu yeye kwa kelele za jukwaani ni kumlaumu mlinda lango wa nyumba ambayo moto umewaka jikoni.

Kazi yenyewe si ngumu wala haitaki elimu ya chuo. Kwanza amplifaya itoke sakafuni. Sauti nyembamba hutoka katika spika kama mwale wa tochi, ikaelekea mbele. Sanduku likiwa chini, mpigaji aliyesimama karibu hulisikia kwa magoti, akaona trebo haitoshi, akapandisha, na aliye mkekani mstari wa mbele hutobolewa masikio. Likiwekwa juu ya kiti na kuinamishwa limtazame mpigaji usoni, mwenyewe ataishusha bila ya kuambiwa. Kisha waanze na mwimbaji. Aimbe beti peke yake, bila ya ala, na mtu asiyelijua shairi lile akae mstari wa nyuma kabisa na kalamu, akiandika neno la mwisho la kila kipande. Hilo likishasikika lote, liingie gitaa. Pale mwandishi wa nyuma anapoanza kukosea, wapunguze: kwanza besi, kisha mwangwi, kisha trebo, kisha sauti nzima. Cha kati kiguswe mwisho.

Lipo linalofaa kukiriwa hapa. Sauti ya kati ni nyumba ya gitaa, na ni nyumba ya irabu za mwimbaji pia. Gitaa lenye sauti ya kati iliyoshiba, hata likiwa la chini, litamgusa mwimbaji bega. Hakuna mpangilio wa vifundo utakaouondoa mgongano huo kabisa; huondolewa na adabu. Gitaa lenyewe lina kifundo chake cha sauti, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kulia. Beti likianza, kishuke. Kipande kikiisha, na kina kikishatua, kipande. Mkwaruzo nao haukukatazwa na mtu, una mahali pake, baina ya beti na beti, ambapo mwimbaji amekaa kimya na gitaa limepewa ruhusa ya kusema.

Ukumbi mtupu si ukumbi uliojaa. Kanga, mabuibui na miili ya watu humeza sauti nyembamba na kuupunguza mwangwi, kwa hiyo kilichopangwa saa kumi jioni kitakuwa kizito zaidi saa nne usiku. Mwenye akili ataacha besi chini kidogo ya pale palipompendeza, akijua watu watailipa tofauti. Na mwenye shairi, badala ya kukaa nyumbani akisubiri kesho yake asimuliwe jinsi wimbo wake ulivyopokewa, ampe fundi mitambo nakala ya beti zake, kwa hati ya kusomeka. Fundi anayejua kwamba mshororo wa nne ndio wenye fumbo, mkono wake utakuwa karibu na kifundo cha mwimbaji mshororo huo unapofika. Fundi asiyejua atakuwa akizungumza na rafiki yake.

Wenye vikundi watasema hapana nafasi ya mambo hayo. Mwenye shughuli amelipa, wageni wamefika, na kujaribu mitambo kwa namna hiyo kutakula dakika 20. Kadi za mwaliko huandikwa saa tatu usiku. Ni nani aliyeiona taarab ikianza saa tatu usiku? Zile dakika 20 zimo humo humo, baina ya saa ya kadi na saa ya wimbo wa kwanza, na kila usiku hutumika kutafuta waya wa kuungia umeme.